Bana Sukari, Usibane Nauli

Busia, Ijumaa mchana

Mwanangu Athieno,

Umeenda kusukwa nywele kwa Mama Akello, na najua hutarudi mapema, kwa sababu utabishana naye bei mpaka msuko wa mwisho. Umefunzwa na mimi. Basi nina nafasi ya kuandika. Karatasi hizi nimezitoa katikati ya daftari la mdogo wako Ochieng, pale kwenye pini, mahali ambapo mwalimu hahesabu. Nimeandika pande zote mbili na pembeni pia, kwa hiyo ukiona maneno yamegeuka kupanda juu, zungusha karatasi usome.

Kesho baba yako atafunga sanduku lako kwenye baiskeli, mtapanda basi mpaka Tororo, na jioni treni itakuchukua wewe na mumeo kwenda Nakuru. Haya nilitaka kuyasema kwa mdomo. Lakini unanijua. Mdomo wangu ukifunguka unaanza kuuliza bei.

Sitakuambia jinsi ya kukata mche wa sabuni na kuanika vipande juani ili viwe vigumu visiishe haraka. Sitakuambia kwamba dagaa wa omena hununuliwa jioni, wauzaji wakiwa wamechoka na wanataka kwenda kwao. Hayo unayajua kunishinda. Nataka tuzungumze juu ya ile karatasi uliyonionyesha jana.

Uliileta ukitabasamu, vile ulivyokuwa ukileta ripoti ya shule. Mshahara wa Wandera kutoka kwenye kinu cha unga. Kodi ya chumba. Makaa, unga, mafuta ya taa, sadaka, sukari robo ratili kwa wiki. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari na moyo wangu ukajaa, kwa maana hata Mhindi wa dukani asingepata pa kukosoa. Karibu na mwisho nikaona mwandiko mwingine, mwandiko wa Wandera. Ulisomeka: "Nauli, Athieno kwenda kwao, kila miezi mitatu." Na juu ya maneno hayo umepita mstari wa wino, umenyooka kabisa, nadhani ulitumia rula. Pembeni ni mwandiko wako: "Krismasi ya mwaka kesho, Mungu akipenda."

Ukaniangalia ukingoja sifa. Nikasema, "Vizuri." Kisha nikaenda jikoni nikapuliza moto ambao ulikuwa ukiwaka bila shida yoyote.

Athieno, neno hilo nimelifuta. Si vizuri. Niliogopa, na bado naogopa, na kwa sababu mimi ndiye niliyekufunza kupiga mstari kama ule, ni juu yangu kukueleza nilikojifunza mwenyewe na kilichonipata.

Unajua mimi ni Msamia wa Buhehe na baba yako ni Japadhola wa Paya. Tulipokutana hapa sokoni hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Tulichumbiana kwa Kiswahili cha kuuza na kununua, ndiyo maana mpaka leo maneno ya mapenzi ya nyumba hii yanafanana na bei. Siku ya kwanza alitaka kuniuliza kwetu tumezaliwa watoto wangapi. Akasema, "Wewe ngapi?" Nikamwambia mimi siuzwi, nenda kwa wauza ndizi. Akarudi kesho yake na mtu wa kumtafsiria.

Tulipooana tukahamia Tororo. Yeye alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha saruji, anarudi jioni mweupe kama mzungu, na mimi ndiye niliyepewa mshahara kuutunza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Hakuna aliyewahi kunipa kitu chochote nikitunze isipokuwa mbuzi, na mbuzi nilimpoteza. Kwa hiyo nilishika ile pesa kwa woga, na mtu mwoga akishika kitu hukishika mno.

Nilipasua njiti za kiberiti kwa wembe, moja ikawa mbili. Majani ya chai nilichemsha, nikaanika juu ya bati, nikachemsha tena. Baba yako aliinywa siku nyingi. Asubuhi moja akainua kikombe, akachungulia ndani, akasema, "Mama, hii ni chai, ama ni maji ya kuosha ile ya jana?" Nilimjibu kwamba akitaka chai nyeusi aongeze saruji. Tulicheka. Naomba ujue kwamba tulicheka sana katika ule umaskini, kwa maana watoto wakisikia habari za shida hudhani wazazi walikuwa wakilia tu.

Haya yote siyajutii. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu ndicho kilichomnunulia baba yako vifaa vya kutengeneza baiskeli, ndiyo tukarudi Busia akawa fundi, hana bwana mkubwa juu yake isipokuwa mimi. Kilichoniponza ni kwamba sikujua pa kusimama. Nilibana sukari, nikabana sabuni, mkono ukawa mwepesi, nikafika kwenye nauli ya kwenda kwa mama yangu Buhehe, nikaibana pia.

Unajua basi kutoka Tororo kuja huku si safari. Mtu anafika kabla hajamaliza kulalamika juu ya kiti. Lakini kila mwisho wa mwezi niliitazama ile nauli nikaiona ni sufuria. Nikajiambia, mama yuko, hawezi kukimbia, nitakwenda mwezi ujao. Mama akatuma salamu na wauza samaki: "Mwambieni mwanangu Taaka kunde zimeiva." Nikajibu kwa wauza samaki walewale kwamba nakuja. Mwezi ujao ukazaa mwaka ujao. Miaka mitatu, Athieno. Nilinunua sufuria mbili na taa ya chemni. Taa ilivunjika. Sufuria moja iliibwa, na nyingine ni ile iliyotoboka tunayolishia kuku.

Mwaka wa nne nikaenda, nikiwa nimekubeba mgongoni. Najua unachofikiri, unafikiri nitakuambia nilimkuta amekufa. Hapana. Nilimkuta mzima kabisa, anapalilia, ananishinda nguvu. Akafurahi, akapiga vigelegele, akakutemea mate ya baraka usoni ukalia. Kisha akaingia ndani akatoa kiti, akakifuta kwa kanga. Nyumbani kwetu mimi sikuwahi kukalia kiti, nilikuwa nakaa chini karibu na mafiga. Akaniletea uji ndani ya kikombe cha kauri chenye ua jekundu.

Hicho kikombe tulipokuwa watoto tulichapwa kwa kukigusa. Kilikuwa cha padri, na cha wageni wa mbali.

Nikanywa. Nilipoinuka kuosha vyombo akanishika mkono, akasema kwa upole, "Acha, mwanangu, utachafua nguo. Wewe ni mgeni." Alikuwa hatanii wala hakukasirika. Angenikasirikia ningepona. Alikuwa amezoea tu, nafasi yangu pale jikoni ilikuwa imejaa vitu vingine, kuna debe mahali nilipokuwa nikikaa. Ukamjua baadaye mwenyewe, bibi yako, na ukaona alivyonipenda. Lakini kile kikombe aliendelea kunitolea mpaka alipofariki, nawe ukiwa darasa la tatu. Nilijaribu. Nilikwenda kila wiki, nilibeba maji, nilipaka nyumba samadi, na bado kila nikifika, kiti, kanga, kikombe. Kuna vitu ukishavibana haviachii tena.

Watu husema akiba haiozi. Ni kweli haiozi. Anayeoza ni mwenye akiba.

Sasa ngoja nikuambie habari ya kuku, kwa maana hiyo unaijua kutoka upande wa sebuleni tu, na upande wa jikoni hujui.

Mwaka jana, wiki ile ya wazee wa posa, nilikuwa na kuku wangu watatu uani, wote wanataga. Ningeweza kuchinja mmoja. Lakini mkono wangu, unaujua. Nikaamua nitanunua kuku mzee sokoni, wageni hawatajua, nikimchemsha tangu alfajiri. Siku hizo zilikuwa zilezile za vurugu, shilingi ya huku imeachana na shilingi ya kule, kila muuzaji mpakani anageuzageuza noti kama anasoma barua ya mahakama. Nikamkuta mama mmoja na kuku mmoja mwekundu. Nikashika mabawa. Kabla sijataja bei, kijana mmoja akashika miguu.

"Mama, samahani, hii kuku nimeshaongea bei."

"Umeongea na nani? Mimi naona umeongea na miguu."

"Nimesema shilingi nne."

"Mimi nasema nne na nusu, na nataka nyongeza."

Muuzaji akashangaa. "Nyongeza gani ya kuku, mama? Nikuongeze mguu wa tatu?"

"Niongeze yai."

Tukavutana. Kuku anapiga kelele, watu wa baiskeli wanaoita wasafiri wawapeleke boda, pale mpakani, wameacha abiria wao wamekuja kutazama. Nikamwambia yule kijana maneno. Nilimwambia ana shingo ndefu kama anachungulia chungu cha jirani. Nilimwuliza kama mama yake alimfunza kunyang'anyana na watu wazima. Na katika kuvutana huko mikono yetu ikagusana kwenye bawa. Halafu yeye akaachilia. Ghafla tu. Nikarudi nyuma hatua mbili na kuku wangu. Akasema, "Chukua, mama. Mimi nakwenda kwa wakwe kesho, sitaki nifike na vita mkononi." Akaenda kununua jogoo kwa bei ambayo nilimwonea huruma.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Sikupata yai, lakini nilipunguziwa senti hamsini kwa sababu muuzaji alitaka niondoke.

Kesho yake wageni wakaingia. Mimi niko jikoni kama ilivyo desturi, mama mkwe haonekani. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango nimwone huyo mtu anayenichukulia mtoto. Nikaona shingo.

Wewe ulisikia sahani ikivunjika ukaambiwa ni paka. Hatuna paka, Athieno.

Naye alikuwa ameniona jicho. Akamnong'oneza mjomba wake, mjomba akaweka chini ugali. Unakumbuka wazee walitoka nje wakakaa muda mrefu, nawe ukalia ukidhani wameghairi. Hawakuwa wameghairi. Walikuwa wakijadili kuku. Mama mkwe na mkwe wake hawagusani, hata salamu ya mkono hakuna, na hapa watu wameonekana wakigusana mbele ya soko zima. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala nasikia kila neno.

Baba yako mkubwa kutoka Paya akasema, "Siku ile alikuwa si mkwe. Alikuwa mtu wa kununua kuku tu."

Mjomba wa Wandera akasema, "Lakini alikuwa ametoka nyumbani na hiyo nia. Na ile kuku yenyewe ilikuwa ya ukwe."

"Walishika kuku. Kuku si mkono."

"Mkono ilishika bawa, bawa ikashika mkono ingine. Sasa hapo katikati, kuku inafanya kazi gani?"

Baba yako ndiye aliyemaliza. Akasema, "Wazee, mimi nimeishi na huyu mwanamke miaka ishirini. Angeshika kuku hata kama upande mwingine ameshika Askofu. Semeni faini."

Faini ikawa mbuzi jike, kutoka kwangu, kuosha ile mikono. Wandera naye akaleta blanketi. Kwa hiyo senti zangu hamsini zilinigharimu mbuzi mwenye mimba, na kuku mwenyewe alikuwa mgumu hata wazee wakaficha mifupa mifukoni kwa adabu. Baba yako mpaka leo nikianza kubishana bei ananiambia polepole, "Mee."

Nilikasirika mwezi mzima. Kisha nikaanza kufikiri juu ya yule kijana, si juu ya mbuzi. Alikuwa amepatana bei, haki ilikuwa yake, na aliachilia kwa sababu alikuwa na kitu kikubwa kuliko kuku mbele yake. Mimi kwa umri wangu wote sijawahi kuachilia bawa la kitu chochote. Ndiyo maana nilikubali akuoe, ingawa wewe unadhani nilikubali kwa sababu ya kinu cha unga.

Na ndiyo maana jana ile karatasi iliniumiza. Yeye ndiye aliyeandika nauli, na wewe ndiye uliyekata. Hutakuwa na mume wa kukunyima, mwanangu. Utajinyima mwenyewe, kwa rula, na utajiona umeshinda. Nakuona kabisa mwisho wa mwezi umekaa kitandani Nakuru na hizo shilingi mkononi, unaziona ni sufuria. Hata mimi nikikutazama naona uso wangu wa Tororo, na sipendi.

Utasema, basi mama aje yeye. Athieno, nikija kwako nitalala wapi? Mna chumba kimoja. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake wala hali chakula mbele yake, na mimi mbuzi wengine sina. Nimefikiria kila njia. Nimefikiria hata kufika stesheni ya Nakuru, tukasalimiana hapohapo kwenye benchi, nikarudi na treni ileile. Baba yako anasema watanikamata wakidhani nimechanganyikiwa. Kwa hiyo njia ni moja tu na ni ya kwako, wewe kuja. Usipokuja hatuonani, na tusipoonana tutazoea kutoonana. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko njaa.

Usinielewe vibaya ukaanza ufujaji. Mwanamke akienda mjini hukuta maduka yamepanga vitu usoni kama mitego. Endelea na robo yako ya sukari. Endelea kugeuza nguo nje ndani ili zidumu. Wandera akitaka redio, mwambie asikilize ya jirani, ukuta wenu ni mwembamba. Lakini usibane chumvi, chakula kisicho na chumvi hugombanisha watu bila wao kujua sababu. Usibane stempu. Mgonjwa usimbanie. Mtu akifika mlangoni kwako akitoka huku kwetu, hata kama ni yule mlevi wa karibu na daraja, mpe chai ya majani mapya. Nami nitajua, maana atarudi kunisimulia.

Mimi kosa langu nililifanya kwa kupenda. Hiyo ndiyo inayonikasirisha. Laiti ningekuwa mchoyo tu, ningejirekebisha. Nilipokununulia viatu vya shule vikubwa, vikakutosha vikiwa vimeshakwisha, nilikuwa nakupenda. Nilipokukatalia kwenda na kwaya Mbale, nauli nilikuwa nayo, ilikuwa kwenye kopo la chumvi, na nilikuwa nakupenda. Sikuwahi kukuambia kwamba nilikuwa nayo. Nisamehe kwa hilo. Nimeandika upesi ili mkono usibadili nia.

Sasa sikiliza nilivyoamua. Kukuomba siwezi, wewe ukiombwa unaanza kupatana. Kukupa nauli nimefikiria pia, lakini najua utaiweka akiba. Kwa hiyo nitafanya hivi. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, mavuno yakiwa yameingia, nitachinja kuku mmoja kati ya wale watatu wanaotaga. Nitasonga ugali wa mtama na muhogo wa watu wanne, nitaweka sahani nne chini, na moja itakuwa hapo unapokaa wewe, karibu na mlango wa jikoni. Sitangoja barua yako kwanza. Nitapika tu. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja nitapika tena hivyohivyo, na baada ya hapo tena, mpaka kuku waishe.

Baba yako na Ochieng hawamalizi ugali wa watu wanne, na mimi tumbo langu unalijua. Kitakachobaki nitakimwaga. Nitakimwaga kabisa, uani, mchana, majirani wakiona.

Wewe ni mtoto wangu. Hebu jaribu kukaa Nakuru siku hiyo, ukijua kwamba mama yako anamwaga chakula kwa ajili yako.

Mama yako,
Taaka